Maini ya kuku: kuyakaanga yakauke nje, yabaki laini ndani

Ini la kuku wa nyama mwenye uzito wa kilo mbili ni la gramu 40 hivi. Ni kiungo kidogo, laini, chenye pande mbili zilizoshikana kwa nyuzi nyeupe, na karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Maji hayo ndiyo yanayoamua kila kitu ini linapofika kwenye mafuta ya moto. Maini yenye ganda kavu, linalovunjika kwa sauti huku ndani pakiwa laini na penye unyevu, hupatikana pale tu maji yanapopelekwa yanakotakiwa: ya juu ya ini yafutwe mapema, ya kwenye unga yatoke yakiwa mvuke, na ya ndani yabaki humo humo bila kurudi kulilowesha ganda. Viungo vya kunukia, aina ya maziwa, hata ubora wa kikaango, huja nyuma ya jambo hilo.

Katika majiko mengi ya Afrika Mashariki maini ya kuku huishia kwenye rosti: kitunguu, nyanya, pilipili hoho, bizari kidogo, na mchuzi mzito wa kulia ugali au chapati. Kwa kuku mmoja wa kienyeji, ini lenyewe halitoshi hata kugombewa. Heshima yote huenda kwa firigisi, ambayo kwa desturi za jamii kadhaa, Waluhya wa magharibi mwa Kenya wakiwa mfano unaojulikana zaidi, huwekewa mwenye nyumba. Ini humwangukia mtoto, au mpishi anayelionja kabla chakula hakijatengwa.

Kuku wa kisasa wamebadili hesabu hiyo. Ndege wanapochinjwa kwa mamia, viungo vya ndani huwa biashara inayojitegemea, na maini huuzwa kwa kilo kando ya firigisi, shingo na miguu. Dar es Salaam, masoko ya kuku kama Kisutu na Shekilango yana wachuuzi wa aina hiyo, na maduka makubwa ya miji ya ukanda huu huyaweka kwenye vikopo vya plastiki ndani ya friji. Nusu kilo, ambayo ni maini ya kuku 12 au zaidi, hununuliwa kwa bei iliyo chini sana ya nusu kilo ya mapaja. Wingi huo ndio uliofungua njia ya kuyafanya maini chakula kamili.

Mtindo wa kuyavika maini unga na kuyazamisha kwenye mafuta umekomaa kusini mwa Marekani, ukizaliwa ubavuni mwa kuku wa kukaanga. Kitabu cha Mary Randolph cha mwaka 1824, The Virginia Housewife, kina maelekezo ya kuku aliyevikwa unga, akatiwa chumvi na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mikono iliyofanya kazi hiyo katika nyumba za matajiri ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya watumwa wenye asili ya Afrika. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, wanawake weusi wa mji wa Gordonsville, Virginia, walijipatia kipato kwa kuwauzia abiria kuku wa kukaanga kwenye madirisha ya treni. Katika upishi huo hakuna kilichotupwa, na maini yaliingia kwenye unga ule ule wa mapaja. Hadi leo migahawa ya kusini huyauza kwa sahani, pamoja na mchuzi mweupe wa maziwa au chupa ya pilipili. (Mji wa Gainesville, Georgia, unaojiita mji mkuu wa kuku duniani, ulipitisha mwaka 1961 sheria ndogo ya kukataza kula kuku wa kukaanga kwa uma. Ilikuwa mbinu ya kujitangaza tu, lakini inaeleza mapenzi yalivyo.) Afrika Kusini na Msumbiji nako maini ya kuku yana mashabiki wengi, ila kule huliwa na mchuzi wa piripiri na mkate wa kuchovya; hayana ganda, na ni habari nyingine.

Kuchagua na kusafisha

Rangi ya ini zuri huanzia hudhurungi hafifu hadi wekundu mzito wa damu. Weupe kidogo au umanjano si ugonjwa. Mara nyingi huonyesha kuwa ndege alikuwa na mafuta mengi, jambo la kawaida kwa kuku wa mayai waliozeeka. La kukataa ni ini lenye vidoti vyeupe vilivyotapakaa, uvimbe mgumu, uso wenye utelezi unaonata kidoleni, au harufu inayokaribia uchachu. Maini mabichi yana harufu ya damu tu, na hafifu. Yakiwa yamekaa kwenye beseni juani tangu asubuhi, bei nafuu haisaidii kitu: kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi, na joto la mchana wa pwani limo katikati ya ukanda huo. Yakifika nyumbani yaingie friji mara moja na yapikwe ndani ya siku mbili. Kwenye friza hukaa miezi mitatu bila shida, ingawa barafu hupasua chembe zake, na yakiyeyuka hutoa maji mengi kuliko yale mabichi ya siku ile. Kwa rosti tofauti haionekani. Kwa kukaanga inaonekana, kwa hiyo maini yaliyotoka friza yanahitaji kuchujwa na kukaushwa kwa muda mrefu zaidi.

Kisha huja nyongo. Kifuko chake kidogo cha kijani hulala chini ya ini, na mchinjaji asiye makini hukipasua. Tone moja huacha doa la kijani lenye uchungu ambao haufutiki kwa maji, maziwa wala viungo. Sehemu iliyoguswa hukatwa na kutupwa, bila kuionea huruma. Nyuzi nyeupe za katikati nazo huondolewa kwa kisu chenye ncha. Zikibaki hujikunja kwenye moto, hulivuta ini na kulibandua ganda. Kukata hapo kati kuna faida ya pili: ini hugawanyika pande mbili zenye unene unaokaribiana, na vipande vinavyolingana huiva pamoja.

Kuosha ni suala linalobishaniwa. Mwaka 2014 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilianzisha kampeni ya kuwataka watu waache kuosha kuku mbichi, kwa sababu maji ya bomba hurusha bakteria kwenye sinki, vyombo na nguo. Mpishi wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuosha nyama kwa ndimu na chumvi, huona ushauri huo kuwa wa ajabu, na kwa maini ya sokoni yenye damu iliyoganda na chembe za manyoya ana hoja. Njia inayowapatanisha wote wawili ni bakuli: maini hutumbukizwa kwenye maji baridi yaliyotulia, huzungushwa taratibu kwa mkono, maji humwagwa bila kurusha matone, kisha bakuli, sinki na mikono huoshwa kwa sabuni. Bomba lisifunguliwe juu ya maini.

Damu inayosalia ndani ya ini huwatia wengine wasiwasi wa kidini. Katika fikihi ya Kiislamu ini na bandama vimetolewa kwenye katazo la damu, kwa hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Umar, almradi mnyama amechinjwa kihalali. Sheria ya Kiyahudi ni kali zaidi: ini lazima lichomwe kwanza juu ya moto wa wazi ili damu itoke, ndipo lipikwe kwa namna nyingine. Kwa mpishi anayefuata sheria hiyo, maini ya ganda kama yanavyoelezwa hapa hayawezekani, kwani ini lililokwisha kuchomwa huwa limekauka kabla ya kuona mafuta.

Maziwa

Kulowesha maini kwenye maziwa ni desturi ya zamani, na sababu yake ni ladha. Maziwa huvuta sehemu ya damu iliyobaki na kupunguza ule ukali unaowafanya watoto wakunje uso. Mtindi, au maziwa lala kama waitavyo Wakenya, hufanya zaidi: uzito wake hushika unga vizuri kuliko maziwa mabichi, na uchachu wake hukata utamu mzito wa ini. Kwa nusu kilo ya maini hutosha kikombe kimoja, yaani mililita 250, pamoja na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, kitunguu saumu kilichotwangwa, na pilipili kwa kiasi apendacho mlaji. Saa moja hadi nne ndani ya friji zinatosha. Kuyalaza usiku kucha, kama wanavyoshauri wapishi wengi wa mapaja ya kuku, ni kuyakosea maini: paja lina misuli minene inayostahimili asidi, ini halina, na uso wake huanza kulegea na kuwa ute.

Ndimu ni kali zaidi. Dakika kumi ndani ya juisi yake huigeuza protini ya juu kuwa nyeupe na ya kukwaruza, na unga haushiki sawasawa hapo. Nafasi ya ndimu ni mezani.

Maini yakitoka kwenye mtindi yachujwe. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo chanzo cha maganda mengi yanayobanduka kama soksi: mtindi mwingi huutengenezea unga tope, tope hilo huiva juu huku chini likibaki bichi, na mvuke wa ini hulisukuma lote nje. Kinachotakiwa ni utando mwembamba tu wa mtindi. Maini huwekwa kwenye chujio kwa dakika tano, na yale yaliyotoka friza hufutwa kwanza kwa karatasi za jikoni kabla hata ya kuingia kwenye mtindi.

Unga

Unga wa ngano peke yake hutoa ganda, lakini si bora. Una protini ambazo zikikutana na maji huungana kuwa gluteni, mtandao unaovutika ambao mwoka mikate anautafuta na mkaangaji anaukwepa. Ganda lenye gluteni nyingi huanza likiwa kavu, kisha ndani ya dakika chache huwa la kutafunika kama mkate uliokauka nusu. Dawa yake ni kuchanganya na wanga mtupu. Sehemu mbili za unga wa ngano kwa moja ya konflawa, au ya unga wa mchele uliosagwa laini, hupunguza gluteni bila kulifanya ganda liwe dhaifu hadi kumomonyoka. Kwa nusu kilo ya maini hiyo ni kama kikombe kimoja cha ngano na nusu kikombe cha konflawa, na utabaki unga wa akiba.

Unga wa mchele hutoa ganda jepesi linalodumu kwa muda mrefu zaidi nje ya mafuta. Unafaa pale chakula kinapotayarishwa kabla wageni hawajafika. Unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili nao hufanya kazi, ila ganda lake hupauka, kwa kuwa hauna protini ya kutosha kulipa rangi. Unga wa dengu huwavutia wengi kwa sababu ya bajia, na ladha yake inaendana na maini kweli, lakini huwahi kubadilika rangi: nje huwa kahawia iliyoiva huku ini likiwa bado bichi katikati. Ukitumika, usizidi robo ya mchanganyiko.

Rangi hiyo ya kahawia na harufu inayofuatana nayo ni matokeo ya protini na sukari kuungana kwenye joto la juu, kuanzia kama nyuzi 140. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mmenyuko huo mwaka 1912, na bado unaitwa kwa jina lake. Hautokei vizuri kwenye uso wenye maji, kwa sababu maji huzuia joto lisipite nyuzi 100 hadi yatakapokwisha kugeuka mvuke. Ganda lililolowa, kwa hiyo, halikosi ukavu tu. Hukosa na ladha.

Viungo hutiwa kwenye unga: kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, nusu ya pilipili kali ya unga, nusu ya bizari nyembamba, na chumvi kidogo. Kitunguu saumu cha unga kinafaa. Kibichi huungua na kuwa kichungu. Masala nzito za pilau hazistahili hapa, kwani karafuu na iliki huyameza maini yakabaki hayana sauti yao.

Kabla ya kugaragaza, wapishi wa kusini mwa Marekani hunyunyiza vijiko viwili vya mtindi ndani ya unga na kuusugua kwa vidole hadi uwe na chengachenga ndogo. Chenga hizo hushika juu ya ini na kuunda miinuko na mabonde, na ganda lenye uso wa namna hiyo lina sehemu nyingi zaidi za kukauka kuliko uso laini. Kipande hugaragazwa, hubanwa unga kwa kiganja, hukung'utwa, kisha huwekwa juu ya wavu kwa dakika 10 hadi 15. Katika muda huo unga hunyonya unyevu na kushikamana na ini. Kama madoa ya maji yatajitokeza juu, hunyunyizwa unga mkavu kidogo sekunde ya mwisho.

Mafuta

Joto linalofaa ni nyuzi 170 hadi 180. Chini ya 160 unga hulowa mafuta kabla haujakauka. Juu ya 190 ganda huiva haraka kuliko ini. Asiye na kipimajoto hutumbukiza ncha ya kijiti kikavu cha mbao: vipovu vidogo vikipanda mfululizo kukizunguka, mafuta yako tayari. Kipande kidogo cha mkate kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, jibu ni lile lile. Moshi ukionekana, yamepita.

Aina ya mafuta ina uzito wake. Alizeti iliyosafishwa kiwandani, mawese yaliyosafishwa na mafuta ya karanga hustahimili joto hilo bila tatizo. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo, yale ya rangi nzito na harufu ya mbegu yauzwayo kwenye madumu kando ya barabara za Singida, ni matamu kwenye mboga lakini hutoa moshi na povu mapema. Kuyatumia kukaangia maini kwa kuzamisha ni hasara mara mbili: mafuta huharibika na maini hunuka moshi. Kina cha sentimita tano kwenye karai au sufuria nzito kinatosha, na mafuta yasizidi nusu ya chombo.

Kuhusu kuruka kwa mafuta, maini yana sifa mbaya, na yameistahili. Tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ini lina utando mwembamba unaolifunika, na mvuke unaojikusanya chini yake hauna pa kutokea hadi utando upasuke. Hapo mafuta hurushwa hadi ukutani. Kinga ni ndogo na rahisi: kila kipande hutobolewa mara mbili au tatu kwa kijiti cha meno kabla ya kugaragazwa. Chujio pana la waya likiwekwa juu ya karai huzuia matone na kupitisha mvuke. Mfuniko wa kawaida haufai, kwani mvuke hugeuka maji chini yake na kudondokea tena kwenye mafuta. Hata hivyo mfuniko huo uwe karibu, kwa sababu nyingine: mafuta yakishika moto, gesi huzimwa na karai hufunikwa. Maji yasikaribie kabisa. Watoto nao wakae mbali na jiko mpaka karai lipoe.

Vipande huingizwa kimoja kimoja, taratibu, kwa kulazwa kuelekea upande ulio mbali na mpishi. Katika lita moja ya mafuta, vipande sita au saba kwa mkupuo mmoja ndiyo mwisho. Kutia vyote pamoja hushusha joto kwa ghafla, na mkaangaji mwenye haraka hujikuta anachemsha maini ndani ya mafuta. Kwenye jiko la gesi joto hurudishwa kwa kuongeza moto. Jiko la mkaa halina wepesi huo, na mwenye nalo hujifunza kusubiri dakika mbili kati ya mkupuo na mkupuo, au kuliinua karai pindi mafuta yanapozidi ukali.

Kwa dakika ya kwanza vipande visiguswe. Ganda bado ni tope moto na kijiko hulichana. Baada ya hapo hugeuzwa mara moja. Mapovu mengi ya mwanzo ni maji ya kwenye unga yakitoka, na maadamu yanatoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mlio ukipungua kutoka kelele ya mvua kubwa hadi mchirizo wa kawaida, ganda limekauka. Jumla ni dakika tatu hadi tano kulingana na ukubwa wa kipande.

Kuiva

Hapa ndipo maini yanapowatenganisha wapishi. Walaji wengi wa Ulaya na Marekani wanapenda ini la kuku likiwa la waridi katikati, na kwa ulaini hawajakosea. Tatizo ni Campylobacter, bakteria anayesababisha homa na kuharisha, ambaye kwa kuku hukaa hata ndani ya nyama ya ini, si juu tu. Kulichoma ini kwa nje hakumfikii. Uingereza imepata milipuko kadhaa ya ugonjwa huo iliyofungamanishwa na maini ya kuku yaliyopikwa nusu migahawani. Mamlaka za Marekani hutaka katikati pafike nyuzi 74. Za Uingereza hukubali 70 zikidumu kwa dakika mbili. Rangi si kipimo cha kuaminika, kwa kuwa ini lililoiva huweza kubaki na waridi hafifu, na lingine hugeuka kahawia mapema. Kipimajoto chembamba ndicho jibu la uhakika. Bila hicho, kipande kinene kuliko vyote hukatwa katikati: kusiwe na umajimaji mwekundu, nyama iwe imeshikana, na mvuke utoke.

Upande wa pili wa kosa upo pia. Ini lililokaa kwenye mafuta dakika nane limebanwa maji yote na kubaki na chengachenga kavu zinazokwama kooni. Kwa sababu hiyo ule ujanja wa kukaanga mara mbili, unaofaa sana kwa viazi na mabawa, haupaswi kuguswa. Maini hukaangwa mara moja, kwa joto sahihi, na kutolewa.

Kutolewa kwenyewe kuna adabu yake. Sehemu kubwa ya mafuta yanayoishia ndani ya chakula cha kukaanga huingia baada ya chakula kutoka kwenye karai: mvuke uliomo kwenye ganda hupoa, huacha ombwe dogo, na mafuta yaliyo juu hunyonywa ndani. Kijiko cha matundu hutikiswa mara mbili tatu juu ya karai, kisha vipande hutandazwa kwenye wavu, si kwenye sahani iliyofunikwa kwa tishu. Juu ya tishu upande wa chini hujifukizia wenyewe na kulegea ndani ya dakika mbili. Kufunika kwa sahani nyingine, kwa nia njema ya kuhifadhi joto, huharibu yote kwa pamoja. Chumvi ya mwisho hunyunyizwa hapo hapo, mafuta ya juu yakiwa bado yanang'aa.

Mezani na mwilini

Maini ya ganda hutaka kitu chenye uchachu. Kachumbari iliyokamuliwa maji, ndimu iliyokatwa, chatine ya ukwaju au pilipili ya embe bichi, chochote kati ya hivi kinatosha. Kila mchuzi ukae kwenye kibakuli chake. Kumwagia juu ni kubomoa kazi ya saa nzima. Chipsi ni rafiki wa kawaida, japo sahani hiyo huwa nzito, na mihogo ya kuchemsha au ugali mdogo wa moto hupendeza zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa lishe, gramu 100 za maini mabichi ya kuku zina takriban miligramu 9 za madini ya chuma, mikrogramu 590 za foleti, mikrogramu 16 za vitamini B12 na mikrogramu 3,300 za vitamini A. Tarakimu hiyo ya mwisho inahitaji kutazamwa vizuri. Mwanamke mzima anahitaji mikrogramu 700 za vitamini A kwa siku, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima, kwa vitamini A ya wanyama, ni 3,000. Mara moja kwa wiki ni chakula bora. Kila siku ni ziada inayojilimbikiza, kwani vitamini A isiyotumika huhifadhiwa mwilini, kwenye ini la mlaji mwenyewe.

Wajawazito wako kwenye njia panda halisi. Ushauri wa mitaani, na wa jamaa wengi, ni ale maini aongeze damu, na madini ya chuma yaliyomo hufyonzwa vizuri kweli. Lakini vitamini A kupita kiasi katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto, na ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza huwataka wajawazito waache maini kabisa. Anayetegemea maini kwa ajili ya damu ana haki ya kuuliza kliniki kabla ya kuzoea sahani hii, na vidonge vya chuma na foleti vinavyotolewa huko havina tatizo hilo. Wenye jongo nao wajihadhari, kwa kuwa maini yana purini nyingi, inayogeuka asidi ya yuriki mwilini.

Mafuta yaliyobaki huchujwa kwa kitambaa yakishapoa, kwa sababu chembe za unga zilizozama huendelea kuungua kila yanapopashwa. Huweza kutumika tena mara moja au mbili, kwa kitu kisichoona haya harufu ya maini, kama samaki au mabawa ya kuku. Kwa maandazi hayafai. Yakiwa meusi au yakitoa povu lisilokwisha, hutupwa, na si kwenye sinki.

Maini yaliyosalia hukaa kwenye friji siku tatu. Ganda hurudi kiasi yakipashwa kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika tano au sita. Maikrowevu huyalowesha na wakati mwingine huyapasua. Ganda likishalegea kabisa, si lazima kulihangaikia. Maini hukatwakatwa, huungwa kwenye kikaango pamoja na kitunguu na pilipili hoho, mayai mawili hupigwa na kumiminwa juu, na kifungua kinywa cha chapati huwa tayari.